Batri haitaki kulala na mtu

Kwa familia iliyokimbia vita, telefoni si kitu cha kujionyesha. Ndimo inamopita habari ya mtoto aliyebaki Masisi, ndimo ndugu wa Bukavu anamotuma pesa kidogo ya unga, na usiku, kama redio ya nyumbani ilipotea njiani, telefoni hiyohiyo ndiyo redio. Kwa hiyo watu wengi wa Goma na vijiji vya kando wanaitunza kama mtoto mchanga. Wanalala nayo chini ya mto. Wanaifunika kwa kitenge wakati inachajiwa ili mwizi asiione. Umeme ukirudi wanaijaza mpaka asilimia 100, hata kama hawaihitaji siku hiyo, maana nani anajua utakatika tena lini? Na batri ikianza kuvimba, wanaifunga kwa mpira ili kifuniko cha telefoni kishike, maisha yaendelee.

Mambo hayo manne yanafanywa kwa upendo na kwa woga. Yote manne yanaimaliza batri kabla ya wakati wake, na mengine kati yake yanaweza kuunguza nyumba watu wakiwa ndani.

Kuna kijana mmoja kaskazini mwa Goma, kwenye mawe meusi ya volkano, ambaye anapambana na desturi hizo kila siku. Ana meza ya mbao, paneli mbili za jua juu ya bati, batri moja kubwa ya gari, na daftari anamoandika jina la kila anayeacha telefoni. Bei yake ni franka 500. Wateja wake wengi ni watu waliohama makwao. Tangu kambi zilizoizunguka Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa 2025, wengine walirudi vijijini, wengine walibaki mjini kwa jamaa, katika vyumba vya kanisa au katika nyumba za mbao za kupanga. Yeye mwenyewe alitoka Sake. Watu wanamwita fundi, lakini kazi hii hakujifunzia kwenye telefoni. Alijifunzia kwenye ndege ya kuchezea.

Mjomba wake alikuwa akitengeneza redio huko Sake, na kwa furaha yake tu aliunda ndege ndogo ya povu, lile povu jeupe linalokuja katika katoni za televisheni. Mota, rimoti na chaja vililetwa na mchuuzi aliyekuwa akienda Kampala. Siku ya Mungu, baada ya misa, mjomba aliirusha juu ya uwanja wa mpira na watoto wote wa mtaa waliikimbilia. Ndege ilikuwa ikikaa hewani dakika nane, kisha inashuka. Baada ya dakika hizo nane, kazi ya batri ilichukua jioni nzima, na kazi hiyo aliachiwa mpwa.

Familia ilipokimbia, ndege ilibaki. Kijana alibeba godoro, sufuria na ile chaja ndogo yenye kioo. Leo hata angepewa ndege nyingine asingeirusha: katika nchi hii sauti ya kitu kidogo kinacholia angani imekwisha kuwa sauti ya kukimbiza watu. Lakini chaja iko juu ya meza yake, na sheria za mjomba ziko kichwani mwake.

Sheria hizo zilikuwa kali kwa sababu moja. Ndani ya telefoni, pamoja na batri, kuna saketi ndogo inayolinda. Batri ikijaa, saketi inakata umeme. Batri ikishuka mno, inaizima telefoni. Pakiti ya batri ya ndege ya kuchezea, kwa kawaida, haina mlinzi huyo. Imeachwa wazi ili iwe nyepesi na itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi. Mlinzi wake ni mwenye ndege. Akisahau, hakuna wa kumkumbusha isipokuwa moshi.

Pakiti ya mjomba ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake mlikuwa na seli tatu zilizofuatana. Seli moja ya aina hiyo inahesabiwa kuwa na volti 3.7. Ikijaa inafika 4.2, na hapo ndipo mwisho. Ikishuka chini ya 3.0 inaanza kuharibika ndani, hata kama kwa nje haionyeshi kitu. Seli tatu pamoja ni volti 11.1, na zikijaa ni 12.6. Namba hizo kijana alizijua kabla ya kujua namba ya telefoni ya mama yake.

Namba hizohizo ndizo zinazotawala batri nyingi za telefoni. Chukua ile batri bapa ya BL-5C inayotumika katika telefoni ndogo za vibonye na katika redio nyingi ndogo za FM: imeandikwa volti 3.7. Ni ndugu wa ile ya ndege. Tofauti ni kwamba ndege inaonyesha haraka kosa ambalo telefoni inaonyesha polepole. Anayetesa batri ya ndege anaiona imevimba baada ya wiki chache. Anayetesa batri ya telefoni anaona tu kwamba mwaka jana ilikuwa ikikaa siku mbili na sasa haifiki jioni, na anasema: “Ni ya China, njo maana.” Mara nyingi China haina kosa. Ni joto, ni kuijaza na kuiacha, na ni chaja mbaya.

Sheria ya kwanza ya mjomba ilikuwa hii: batri inayochajiwa haiachwi peke yake, wala haiwekwi juu ya kitu kinachoweza kuwaka. Yake aliiweka ndani ya sufuria kuukuu, juu ya sakafu ya simenti, na mtu alikaa karibu. Juu ya meza ya kijana kuna sinia la chuma. Telefoni zinalala juu yake kwa mstari, hazirundikwi, na hakuna kitambaa juu yake. Wamama wengine walilalamika mwanzoni. Mmoja alimwambia waziwazi: “Mutoto wangu, telefone yangu inaonekana na kila mupita-njia.” Akamjibu: “Mama, mwizi akiikamata utalia siku moja. Moto ukiikamata, tutalia mtaa muzima.”

Hakuwa akitisha bure. Nyumba za mbao za Goma zimeshikana ukuta kwa ukuta. Bukavu pia, hasa upande wa Kadutu, watu wanajua vizuri namna moto unavyoruka kutoka bati moja hadi lingine kabla ya maji kufika. Hema la turubai nalo linawaka kwa kasi kuliko mbao. Katika nyumba ya namna hiyo, godoro ndilo mahali pabaya kabisa pa kuchajia telefoni. Linazuia joto lisitoke, kisha linakuwa kuni.

Sheria ya pili ilihusu kasi ya kuchaji. Batri ya lithiamu inajazwa kama mtu anavyojaza bidoni kwenye bomba. Mwanzoni unafungua maji kwa nguvu. Yakikaribia shingo unapunguza, la sivyo yanamwagika. Chaja nzuri inafanya hivyo yenyewe: inapeleka mkondo wa kadiri moja mpaka seli ifike volti 4.2, kisha inashikilia hapo huku mkondo ukipungua polepole hadi karibu kwisha, ndipo inakata. Kwa pakiti ya ndege yenye miliampea-saa 2200, mjomba alitumia ampea 2.2, si zaidi, na kazi ilichukua kama saa moja. Aliyetaka kurusha haraka aliambiwa asubiri.

Tena zile seli tatu hazijai sawasawa. Moja inaweza kufika 4.2 wakati nyingine iko 4.0, na chaja isiyoangalia itaendelea kuisukuma ile iliyojaa. Ndiyo maana pakiti ya ndege ina kiungo kidogo cha pili, cheupe, chenye nyaya nne kwa seli tatu. Kupitia kiungo hicho chaja inapima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Mjomba alikuwa akisema seli tatu ni kama watoto watatu kwenye sahani moja: usipoangalia, mmoja atavimbiwa na mwingine atalala njaa.

Telefoni ina seli moja tu, kwa hiyo haina tatizo la usawa. Tatizo lake ni chaja. Ile chaja ndogo ya kubana batri peke yake, inayochomekwa ukutani na kumulika taa za rangi, mara nyingi haijui kusimama vizuri pale inapopaswa kusimama. Kijana hapendi kuitumia. Akiletewa batri bila telefoni, anaipima kwanza kwa chaja ya mjomba, anaijaza kwa mkondo mdogo, na haiondoki machoni pake. Na kuna jambo moja analolikataa kabisa: kuiamsha batri iliyokufa kwa kuigusisha nyaya za batri ya pikipiki. Baadhi ya mafundi wa barabarani wanafanya hivyo na telefoni inawaka kweli, mteja anafurahi. Lakini pikipiki ina volti 12 na seli ile inavumilia 4.2. Tena seli iliyokaa muda mrefu chini kabisa inakuwa imeharibika ndani, na shaba yake inaweza kuyeyuka na kutengeneza njia mahali pasipotakiwa. Kuifufua kwa nguvu ni kuingiza hatari mfukoni mwa mtu.

Sheria ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwa watu waliohama. Mjomba hakuruhusu pakiti ilale imejaa. Kama mvua ilizuia kurusha, jioni ileile pakiti ilirudishwa hadi karibu volti 3.8 kwa kila seli, yaani nusu au zaidi kidogo, na hapo ndipo iliwekwa. Wala haikuwekwa tupu. Batri ya lithiamu iliyojaa kabisa inachoka ikiwa imekaa tu, bila kazi, hasa penye joto. Ndani yake maji-maji ya kemikali yanaanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi ndiyo inayovimbisha. Iliyo tupu nayo inaendelea kushuka kidogo kidogo mpaka inapita mpaka wake. Iliyo nusu inapumzika.

Sasa mwambie mama aliyekimbia mara tatu kwamba telefoni ikae nusu! Kwake asilimia 100 ni usalama. Kijana anajua hilo, maana usiku ule wa Sake telefoni ya mama yake ilikuwa na nguvu kidogo sana, na kwa siku mbili hawakujua baba yuko wapi. Kwa hiyo hasemi “msijaze kamwe.” Anasema hivi. Telefoni unayoitumia kila siku, jaza kama unahitaji, kisha itumie, na usiiache kwenye waya usiku kucha baada ya kujaa. Penye umeme wa uhakika, kukaa kati ya asilimia 20 na 80 kunarefusha maisha ya batri. Penye habari za kukimbia, jaza yote bila kujilaumu, maana batri ni ya mtu, mtu si wa batri. Lakini ile telefoni ya pili iliyowekwa kwenye sanduku, ile pawabanki inayongojea siku ya shida, ile tochi ya akiba: hizo ziwekwe nusu au zaidi kidogo, na ziangaliwe kila mwezi. Zikiwekwa zimejaa na kusahauliwa mahali penye joto, siku ya shida utakuta zimevimba. Zikiwekwa tupu, utakuta hazikubali tena kuchajiwa.

Kuna pia mafundisho ya zamani yanayostahili kuachwa. Wazee wengi bado wanasema batri mpya ichajiwe saa nane mfululizo, na kwamba lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa tena. Maneno hayo yalikuwa na maana kwa batri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilizoea vibaya zikichajiwa kabla ya kuisha. Lithiamu haina tabia hiyo. Kuimaliza hadi sifuri kila mara ni kuichosha bure.

Sheria ya nne ni joto. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na hewa yake si ya kuunguza. Lakini ndani ya hema la turubai saa saba mchana, au chini ya bati lisilo na dari, hali ni nyingine kabisa. Mjomba alingoja pakiti ipoe baada ya kurusha, ndipo aichaji. Penye joto la zaidi ya digrii 45 batri za namna hii hazifai kuchajiwa. Watu wenye paneli ndogo ya jua wanafanya kosa moja wote: wanaweka telefoni juani, juu ya paneli yenyewe, ili waya mfupi ufike. Paneli inataka jua, batri inataka kivuli. Tafuta waya mrefu zaidi, au weka telefoni nyuma ya paneli, juu ya jiwe baridi, mahali hewa inapopita.

Kwenye taa za jua kuna jambo lingine la kuangalia. Taa nyingi nzuri zinazogawiwa kwa familia zinatumia lithiamu ya namna nyingine, yenye chuma na fosfati. Hiyo ina volti 3.2, na ikijaa haipiti 3.65. Ni tulivu zaidi na inadumu. Lakini fundi asiyesoma maandishi akiifungua na kuiunganisha na chaja ya telefoni ya volti 4.2, anaiua. Kabla ya kubadilisha batri ya taa, soma namba iliyoandikwa juu yake. Kama ni 3.2, weka 3.2.

Na namba nyingine inahitaji macho ya kununulia. Sokoni kuna batri za duara, zenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zile zinazotolewa katika kompyuta za kubeba na kuwekwa katika pawabanki na tochi. Zinaitwa 18650 kwa sababu ya vipimo hivyo. Utazikuta zimeandikwa miliampea-saa 9900, na bei yake ni ndogo. Seli za kweli za ukubwa huo, zile bora kabisa, zinafika karibu 3500. Iliyoandikwa 9900 ni uongo uliochapishwa kwa rangi nzuri, na aliyedanganya kwenye karatasi huenda alidanganya pia ndani. Kijana anapowaonyesha wateja jambo hilo, wengi wanacheka kwa uchungu. Dola chache walizolipa zilikuwa dola za chakula.

Lakini siku iliyomfundisha kuzungumza na watu, si kuwaamuru tu, ilikuwa siku ya mama mmoja kutoka Kitshanga. Aliileta telefoni ya vibonye iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kijana alipoufungua, kifuniko kiliruka. Batri ilikuwa imevimba kama andazi, na ilikuwa na harufu tamu-tamu kama ya rangi ya kucha. Harufu hiyo ni ya kemikali inayotoka ndani, na ukiisikia ujue ngozi ya batri imeshafunguka.

Akamwambia: “Mama, hii siwezi kuichaji. Wala usiirudishe mu nyumba.”

Mama akaishika kwa mikono miwili. “Mutoto wangu, mu hii telefone muko namba ya binti yangu. Alibaki njiani na watoto. Nikiitupa hii batri, nitamuita na nini?”

Kijana alikuwa tayari kusema maneno ya kifundi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mama, nani alikuambia namba iko mu batri?”

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameona tu kwamba batri ikitolewa, kila kitu kinapotea, na ikirudishwa, kila kitu kinarudi. Kwa mtu asiyefundishwa, hiyo ni hesabu nzuri kabisa. Kwa miezi mitatu alikuwa akilala na kitu kilichovimba chini ya kichwa chake, pamoja na wajukuu wawili, kwa sababu aliamini binti yake yumo ndani.

Kijana akaichomoa ile kadi ndogo ya SIM, akaiweka katika telefoni yake mwenyewe, na namba ikaonekana. Akaiandika katika daftari lake, akaiandika tena katika kipande cha katoni, na mama akakifunga katika pindo la kitenge chake. Ndipo akaiachilia batri. Hakulipa franka 500 siku ile, na hakudaiwa.

Tangu hapo, mteja yeyote mwenye batri iliyovimba anaulizwa kwanza swali moja: “Namba za watu wako umeziandika wapi?” Maana watu hawashiki batri mbovu kwa ujinga. Wanaishika kwa sababu ya kile wanachodhani kimo ndani, au kwa sababu hawana pesa ya nyingine. La kwanza linatibiwa kwa kalamu na karatasi. La pili ni gumu zaidi, lakini batri moja ya telefoni ndogo bado ni nafuu kuliko godoro, na godoro ni nafuu kuliko mtoto.

Batri iliyovimba haitobolewi ili gesi itoke, wala haibanwi, wala haichajiwi “mara ya mwisho.” Haitupwi katika moto wa kupikia, wala ziwani, wala jalalani ambako watoto wanaokota vyuma. Kijana anaziba ncha zake kwa utepe, anaitia katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu wa volkano, na kopo linakaa nje, mbali na ukuta wa mbao. Kopo limejaa nusu sasa.

Ikitokea batri ikawaka, mambo yanakwenda haraka. Kwanza watu watoke, kwani moshi wake ni sumu. Kama kifaa kiko kwenye umeme, ukatwe kwanza kwenye swichi au kwenye waya mkuu. Kisha maji, na maji mengi. Wengine wanaogopa maji kwa kuwa walisikia lithiamu na maji havipatani. Hilo ni kweli kwa lithiamu tupu ya maabara, lakini kwa batri hizi maji ndiyo yanayoondoa joto, na joto ndilo adui. Kuifunika kwa blanketi hakutoshi, kwa sababu batri yenye kobalti ikipata joto kali inatoa oksijeni yake yenyewe na inaendelea kuwaka ikiwa imefunikwa. Mchanga unasaidia moto usisambae, hauipoozi seli. Na batri iliyozimika inaweza kuwaka tena baadaye, kwa hiyo iachwe nje na iangaliwe. Mtaani ambako maji yananunuliwa kwa bidoni, bidoni moja iliyojaa karibu na mahali pa kuchajia si uharibifu wa pesa.

Nimo katika hiyo kobalti mnamo jambo ambalo wazee kwenye meza ya kijana wanalizungumza kila telefoni zinapochelewa kujaa. Batri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 watu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Kazi ya Goodenough ilikuwa kuonyesha kwamba kobalti, ikichanganywa na lithiamu na oksijeni, inaweza kuhifadhi umeme mwingi. Na kobalti hiyo, kwa miaka hii ya karibuni, zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani kote inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Koltani ya Rubaya, ambayo wengi wanadhani ndiyo inayojaza batri, kazi yake ni nyingine: madini yake ya tantali yamo katika vipande vidogo sana vya saketi ya telefoni. Basi mchimbaji wa Lualaba, mchimbaji wa Masisi na mama wa Kitshanga wanakutana ndani ya kitu kimoja kinachoingia kiganjani, na huyo wa mwisho anatembea saa nzima ili apate pa kukichaji.

Mzee mmoja aliposikia hayo aliuliza: “Kumbe ni vyetu vinaturudilia vimevimba?” Watu walicheka, lakini hakuna aliyebisha.

Jibu la swali hilo haliko juu ya meza ya mbao. Yaliyoko juu ya meza ni mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya leo jioni, bila kungoja mtu. Telefoni ichajiwe mchana, mtu akiwa macho, juu ya sahani ya chuma au jiwe, bila kitambaa. Ikijaa ichomolewe. Usiku ilale kando, mahali mkono unapofika lakini si chini ya kichwa. Ya akiba ikae nusu, kivulini. Iliyovimba itoke nje ya nyumba siku hiyohiyo. Na kabla ya yote, kalamu na karatasi: namba ya mume, ya mama, ya mtoto aliyebaki njiani, ziandikwe mahali ambapo hapahitaji umeme.